UZI: Radi haingoji mvua. Yaliyotukuta jana nje ya Manda na dalili tulizozicheka

#1 MtotoWaLangoni

Assalam alaykum wazee na vijana wa humu. Uzi mrefu, mnivumilie, masikio bado yanalia firimbi nikiandika hii.

Jana tumetoka na mashua ya ami yangu, watu wanne, tukaenda kutupa mishipi nje ya kisiwa cha Manda, hapa kwetu Amu (Lamu), upande wa bahari kuu. Upepo umelala kabisa, matlai ile ya kukera, pepo zinabadilishana msimu, jua kali mpaka mbao za chombo hazikaliki. Saa nane hivi nikaona upande wa bara, kule juu ya Hindi, wingu limeota. Sisemi limetanda, nasema limeota, manake lilikuwa lapanda juu na kufura kama koliflawa, halafu kule juu kabisa likajilaza bapa kama fuawe la mhunzi. Nikamwambia ami mimi hilo wingu silipendi. Akaniambia mwanangu hilo ni la bara, hiyo mvua ni ya wakulima wa Mpeketoni, sisi twavua. Na kusema haki juu yetu kulikuwa kweupe, buluu tupu.

Nusu saa baadaye nikasikia mngurumo, mdogo, kama mtu anavuta meza ghorofani. Tukacheka. Wa pili. Wa tatu. Mvua hata tone hakuna. Mara upepo ukageuka ukaja wa baridi kutoka bara unanukia udongo uliorowa, hapo ami akafurahi akasema haya tumepata upepo wa kurudia, tukatweka tanga tukaelekea nyumbani, yaani tukalifuata lile wingu wenyewe kwa miguu yetu.

Tukiwa tumekaribia mikoko nikahisi nywele za mkono zinasimama moja moja, kichwa chawasha kama nina chawa. Mwenzangu akasema "mwasikia?" Juu ya mlingoti, pale penye chuma cha kapi, palikuwa palia zzzzz kama mzinga wa nyuki. Ami hakungoja, akapiga ukelele "tushuke chini, acheni henza!" (ile kamba ya kupandishia tanga), tukajikunyata ndani ya chombo. Haikupita hata dakika. Mwanga na mlio vikaja pamoja, hakuna nafasi kati yake. Imepiga mti ufuoni mbele yetu, nikifumbua macho naona gome limechubuka kutoka juu mpaka chini kama ndizi iliyomenywa.

Mvua ilianza BAADA ya hapo, kama dakika kumi. Hii ndo inanisumbua. Miaka yote twaambiwa mvua ikianza rudi. Sisi tungengoja mvua tungerudi kwa jeneza. Wenye kujua semeni, tulikosea wapi na wapi, manake ami anasema ni qadar na hakuna la kufanya, mimi naona kuna la kufanya.

#2 Shela_Boy

Subhanallah. Pole kaka. Ila hapo pa "hiyo ni ya wakulima wa Mpeketoni" nimecheka na kulia pamoja, ami yako na babangu walizaliwa siku moja.

#3 MwanaGongoni

Poleni sana watu wa Amu. Lakini tusitishane bure wazee. Mimi nimesoma Kisii, kule ndo kuna radi, watoto wa shule wanajua kabisa wakisikia ngurumo wanaingia darasani hata mechi iko 89. Kisii na Kakamega na kule karibu na ziwa ndo kwenye mambo hayo. Huku pwani ni nadra, mimi Gongoni miaka mingapi sijaona mtu amepigwa.

#4 NahodhaWaZamani

Mwanangu wa Gongoni, uko sawa na hauko sawa. Kweli huku ni chache kuliko ziwani. Lakini uchache wake ndio umetufanya wajinga, mtu wa Kisii akisikia ngurumo akimbia, mtu wa Amu atoka barazani kutazama.

Mimi nimeendesha jahazi kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Kwa nilivyoona mimi, kusi ikikaza hii kitu huioni sana, wingu linasukumwa halipati kusimama. Hatari ni upepo ukilala, matlai ya kuingia mvua ya mwaka na ile ya kuingia vuli. Jua linachemsha bara mchana kutwa, jioni ndo yanatoka. Wingu ulilolieleza wewe MtotoWaLangoni, la koliflawa lenye kichwa bapa, hilo ndilo lenyewe, usililinganishe na hili jingine la kijivu linalonyesha manyunyu siku nzima. Likishajilaza kichwa tayari lina umeme ndani, hata ukiliona dogo kwa mbali.

Sasa hesabu. Ukiona mwanga anza kuhesabu mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Tisa ni kama kutoka Amu mpaka Shela. Ukihesabu 30 ni kilomita 10, na hiyo 30 usidhani ni mbali, hiyo ndo mwisho wako wa kuwa nje. Manake radi yaweza kutoka ubavuni mwa wingu ikasafiri kilomita 15 na zaidi ikashuka mahali jua linawaka. Ndo maana juu yenu kulikuwa kweupe. Kwa ufupi ukiisikia ngurumo, wewe tayari uko ndani ya eneo lake, wala huna haja ya kuhesabu.

Kosa lenu la kwanza ni ngurumo ya kwanza. La pili ni ule upepo wa baridi, ule ni wingu linapumua, unakwambia mimi niko njiani, nyinyi mkautwekea tanga.

#5 MtotoWaLangoni

Nahodha hapo umenimaliza. "Mkautwekea tanga."

#6 Fundi_Stima_MLD

Naingilia kidogo, mimi ni fundi wa stima hapa Malindi.

Ile zzzz mliyoisikia kwenye chuma na nywele kusimama, hiyo si dalili ya kwamba radi inakuja, hiyo ni kwamba IMESHAWACHAGUA. Ndani ya wingu vipande vya barafu vinasuguana, chaji hasi inakaa chini ya wingu, sasa ardhi nayo inapandisha chaji chanya kupitia kila kilichochongoka, mnazi, mlingoti, kichwa chako. Inatoka kama uzi kutoka juu ya kila kitu kirefu kuelekea juu, na uzi mmoja ukikutana na unaoshuka, basi njia imefunguka. Usiku mabaharia wanauona mwanga wa buluu juu ya mlingoti, ni kitu hicho hicho. Bahati yenu uzi wa ule mti ulifika kabla ya wenu. Joto la ile njia ni kama nyuzi 30,000, mara tano ya uso wa jua, ndo maana gome likachubuka, maji ya ndani ya mti yamegeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua.

Na watu wengi hawapigwi kichwani moja kwa moja kama kwenye katuni. Wengi wanadhurika na umeme unaotembea ardhini baada ya kupiga kitu kilicho karibu. Unaingia mguu huu unatoka mguu ule. Ndo maana ng'ombe wanakufa wengi pamoja chini ya mti mmoja, miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali, umeme unapita kifuani.

#7 Mokowe_Mainland

Hiyo ya ng'ombe naithibitisha kwa punda. Jirani yetu alifunga punda wake wawili chini ya mkwaju mvua ikija, asubuhi wote wamelala ubavu, hawana jeraha hata moja. Watu wakasema wamerogwa. Mpaka leo jirani na shemeji yake hawasalimiani, kisa mkwaju.

#8 BodaWatamu

Swali fundi. Sisi wa boda mvua ikija tunajibanza chini ya mwembe ama kile kibanda cha stage cha mabati. Sasa twende wapi? Alafu nina slipa za mpira si zinazuia stima? Na simu je, nasikia inavuta radi.

#9 Fundi_Stima_MLD

Boda skia. Radi imepasua kilomita kadhaa za hewa, na hewa haipitishi umeme, sasa itashindwa na slipa ya shilingi mia mbili? Mpira sahau. Hata gari halikingi kwa sababu ya matairi, linakinga kwa sababu bodi ya chuma inauzungusha umeme nje yako unashuka chini. Kwa hivyo matatu ama gari lenye paa la chuma, madirisha yamefungwa, mikono mapajani, uko salama. Pikipiki hapana, tuktuk hapana, baiskeli hapana.

Mwembe ndo mbaya kuliko vyote, radi ikipiga mti inaruka kwa ubavu kuja kwa mtu, mwili wako unapitisha vizuri kuliko mti.

Kibanda cha mabati kisichokuwa na kuta wala waya wa kuteremka ardhini nacho ni mtego. Novemba 2024 kule Palabek, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, watu 14 walifariki mara moja wamekusanyika kwenye ibada, jengo lenyewe la mabati. Na wengi wao watoto, waliingia kujikinga mvua.

Simu ya mkononi haivuti chochote, usidanganywe. Ila ikiwa kwenye chaja ukutani unaongea nayo, hapo umejiunga mwenyewe na waya wa barabarani. Kwa nyumba ni hivyo hivyo, chomoa TV na friji MAPEMA, sio ngurumo iko juu ya paa ndo unakwenda kushika plagi. Kile kidude cha kuzuia pawa kupanda kinasaidia stima ikicheza, radi ikipiga nguzo ya hapo nje hakikusaidii. Na usioge, usioshe vyombo kwenye bomba, maji na mabomba ya chuma yanabeba.

#10 UstadhMdogo

Assalam alaykum. Sisi nyumbani bibi alikuwa akisikia radi afunika vioo vyote kwa leso, atuvua nguo nyekundu, na atukataza kukaa mlangoni. Je ni ushirikina?

Halafu tusisahau, Qur'ani imesema katika Surat Ar-Ra'd aya ya 13 kwamba radi yamtukuza Mwenyezi Mungu kwa sifa zake, na malaika pia kwa kumwogopa. Tusome dua yake, tusiwe twahesabu sekunde tu.

#11 NahodhaWaZamani

Dua tunasoma ustadh, na mkono mwingine watoa nanga. Mtu alimuuliza Mtume s.a.w. ngamia amfunge ama amtegemee Mungu, akajibiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee.

Vioo na nguo nyekundu ni maneno ya wakongwe, hayana kitu. Lakini ya mlangoni bibi alipatia! Sijui alijuaje. Mlangoni na dirishani, hasa ya grili za chuma, si pahala pa kukaa.

#12 Shela_Boy

Na ile kwamba radi haipigi pahali pamoja mara mbili?

#13 Fundi_Stima_MLD

Uongo mtupu. Jengo la Empire State kule New York linapigwa mara 20 na zaidi kwa mwaka. Na kuna mlinzi wa mbuga Marekani, Roy Sullivan, alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977, na zote akasalimika. Huyo mimi singepanda naye matatu moja.

#14 SistaWaWodi

Nimesoma kimya kimya nikangoja mtu aguse hili, hamjagusa. Mimi ni nesi.

Mtu akipigwa na radi HANA STIMA MWILINI. Mguse. Kuna mahali nimewahi kufika watu wamemzunguka kijana wa watu wamesimama mbali, eti watarushwa, wengine wanachimba shimo wamfukie mchanga mpaka shingoni ati mchanga unafyonza umeme. Jamani. Dakika zile za mchanga ndo dakika zake za kuishi.

Wengi wanaopigwa hawafi, karibu tisa kwa kumi wanapona, wengine wanabaki na ulemavu. Anayekufa anakufa kwa sababu moyo umesimama ama pumzi imekatika. Mara nyingi moyo unaweza kurudi lakini kifua kinachelewa kuanza kupumua, sasa akikosa hewa moyo unasimama tena. Kwa hivyo mwite, mtikise, tazama kifua. Hapumui? Mlaze chali, kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, kandamiza kwa nguvu kama sentimita tano, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kama unajua kumpulizia mdomoni, 30 kwa 2. Usiache mpaka apumue ama usaidizi ufike. Mwingine apigie Msalaba Mwekundu 1199, wengine watafute boti.

Na wakiwa wengi wamepigwa pamoja, kwa ajali za kawaida tunaanza na aliyeumia sana lakini bado anapumua. Kwa radi ni kinyume, anza na ALIYENYAMAZA. Anayelia anapumua.

Kabla ya yote hayo, kama bado kunapiga, mvute kwanza mahali penye usalama, usije ukapigwa wewe pia.

MtotoWaLangoni, firimbi masikioni usiichukulie poa. Nenda ukachunguzwe, ngoma ya sikio inaweza kupasuka kwa mlio wa karibu. Ukiona unasahau sahau ama huna usingizi wiki hizi, uwaambie daktari ulikuwa karibu na radi.

#15 MtotoWaLangoni

Ahsante dada, kesho asubuhi naenda inshallah. Mama amesoma hii ameshanitolea nguo za kwenda.

#16 MwanaGongoni

Nimekaa nikafikiria nikarudi. Nilisema sijaona mtu amepigwa Gongoni. Lakini minazi nimeona, mingi, kichwa kimeungua shina limebaki limesimama kama nguzo, na sisi twapita tu twasema huu umekufa. Marehemu babu alikuwa mgema. Alikuwa na sheria moja, akisikia ngurumo hata kibuyu hakijajaa anashuka, na hapandi tena siku hiyo. Tulimcheka eti anaogopa. Mgema juu ya mnazi, kisu mkononi, ndo kitu kirefu kuliko vyote mtaani.

#17 Mokowe_Mainland

Na sisi huku shambani hakuna gari hakuna nyumba ya maana, nyumba ni ya makuti. Ikinikuta katikati ya shamba nifanyeje, nilale chini?

#18 Fundi_Stima_MLD

Usilale. Ukilala unatandaza mwili wote umeme wa ardhini uupitie. Tembea, toka penye uwazi na miinuko, epuka mti uliosimama peke yake, epuka senyenge za ua maana zinabeba mbali sana, tupa jembe. Mko wengi mtawanyike, msishikane mikono. Ikifika pa nywele kusimama chuchumaa, miguu pamoja, kichwa chini, ziba masikio. Ila nakwambia ukweli hiyo ni ya kukosa namna, si kinga. Kinga ni kuondoka mapema.

Makuti hayakingi radi, na yakishika moto mnajua wenyewe. Nyumba yenye kuta na waya za stima na mabomba ndo bora, ile ya jirani, shule, msikiti wa mawe. Kaa kati ya chumba.

#19 MtotoWaLangoni

Na sisi wa vyombo? Nahodha, fundi?

#20 NahodhaWaZamani

Baharini hakuna nyumba. La kwanza ni redio na simu kabla ya kutoka, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari, sikilizeni, msisubiri kusimuliwa gatini. Likikukuta huko nje na huwezi kufika, shusha tanga mapema, ninyi mkae chini katikati, mbali na mlingoti na kamba zake, vuteni mishipi na fimbo ndani, mkono usiguse maji, na kama kuna mpiga mbizi majini apande chomboni haraka, umeme ukipiga bahari watambaa juu juu ya maji, na kichwa cha muogeleaji kiko hapo hapo juu. Nanga ya mnyororo usiishike.

#21 Fundi_Stima_MLD

Niongeze. Mlingoti mkavu wa mti ama uliorowa, wote unapigwa, na ukipigwa unapasuka vibanzi. Dawa yake ya zamani ni ile ya Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, ya tangu karne ya 18, chuma juu kimechongoka kupita mlingoti, waya mnene wa shaba unashuka moja kwa moja bila kukunjwa kona, chini unaishia kwenye bamba la shaba kama futi moja kwa futi moja, liko ndani ya maji muda wote. Haizuii radi, inaipa njia isiyopita kwako. Gharama ni ya shaba tu, na tatizo la shaba kila mtu analijua, ukiamka asubuhi imeshauzwa skrapu.

#22 Shela_Boy

😂😂 Hapo kwa skrapu ndo umesema kweli ya Kenya nzima.

#23 BodaWatamu

Na ikinyamaza nangoja muda gani? Wateja wananipigia kelele.

#24 NahodhaWaZamani

Nusu saa tangu ngurumo ya MWISHO. Sio mvua ya mwisho. Ikilia tena anza upya. Wengi hupigwa wingu likiondoka, wametoka kuanika nguo.

#25 MtotoWaLangoni

Nimerudi wazee, siku nne baadaye. Kwanza sikio, ngoma moja ina tundu dogo, daktari amesema litajiziba lenyewe, nisiingize maji. Ahsante sista.

Pili. Nimemsomea ami uzi wote, kuanzia juu. Pale pa "mkautwekea tanga" alinyamaza muda mrefu akauliza huyu nahodha ni nani, nikamwambia simjui, akasema mimi namjua, hiyo lugha ni ya mtu mmoja tu Amu hii. Basi tukakubaliana sheria ya yule mgema: ngurumo ya kwanza twarudi, hakuna mjadala.

Leo tumetoka. Saa saba na nusu, mishipi ndo kwanza inaanza kula, changu wawili chomboni, ikalia moja huko bara mbaliii. Nikamtazama ami, ami akanitazama. Tukakunja. Tumefika gatini, tumekaa barazani tumengoja, wingu limepita kaskazini kwenda zake Kiunga, hapa halikudondosha hata tone, na jua likatoka. Wenzetu waliobaki wamerudi wakati wa magharibi, vyombo vimejaa, wanatupungia mkono.

Ami hajaniongelesha tangu hapo. Petroli ya leo amesema nalipa mimi.

#26 NahodhaWaZamani

Lipa. Na umwambie ami yako nimemsalimia.